Usaili wa msaidizi wa mwalimu: nimeambiwa niwasomee watoto hadithi dakika 15

Binti Chumbageni

Habari za jioni, wapendwa. Naomba msaada wa haraka. Leo Alhamisi, na usaili ni Jumanne saa tatu na nusu asubuhi.

Mimi mtu wa Tanga, niko Leicester mwaka wa 6 sasa. Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee: kugeuza, kuogesha, kulisha, kusikiliza habari za harusi ileile kwa mara ya arobaini. Siichukii kazi, ila mgongo umeanza kunisemesha. Mwanangu yuko darasa la pili, na tangu mwaka jana kila Jumatano nikitoka zamu napitiliza shuleni kwao, najitolea kuwasikiliza watoto wakisoma, mmoja mmoja, pale kwenye korido wanapotundika makoti. Mwalimu mmoja akaniambia, mbona usiombe kazi kabisa? Nikaomba shule 3. Mbili kimya mpaka leo. Ya tatu imeniita.

Barua pepe yao fupi. Nitapewa watoto 5 wa darasa la awali, wa miaka 4 na 5. Niandae shughuli ya kuwasomea hadithi, isizidi dakika 15. Mwalimu wa darasa na naibu mkuu watakaa pembeni wakitazama, kisha ndiyo maswali ya mezani. Kitabu nichague mwenyewe.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Hadithi? Mimi? Nimelala chini ya chandarua kimoja na bibi yangu Pangani miaka 9, na kila usiku kulikuwa na Sungura. Ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kuvutana kamba. Sungura anamwendea Tembo, anamwambia nakushinda nguvu. Tembo anacheka mpaka majani yanadondoka. Sungura anamfunga kamba, anaipeleka mtoni kwa Kiboko, maneno yaleyale. Halafu anakwenda kujificha kichakani katikati, anapiga kelele "Vuta!" Wanavutana hadi jua linazama, kila mmoja akidhani mwenzake ni Sungura. Hiyo siisomi, naiota.

Lakini kitabu chake sina. Maktaba nimepata kitabu kingine cha picha, cha mbuzi asiyetaka kuoga. Maneno machache, na kuna kibwagizo kinachorudi kila baada ya kurasa mbili: mbuzi anagonga kwato chini na kusema haogi, haogi, haogi. Kizuri. Juzi nimekijaribu kwa mwanangu. Dakika 4 nimemaliza. Dakika 11 zilizobaki nilimkodolea macho, naye akanikodolea, mwishowe akauliza kama anaweza kwenda kucheza.

Kwa hiyo sijui nihadithie ya bibi kwa mdomo au nisome huyo mbuzi. Nikichagua ya bibi, nilifikiri nibebe kamba ya kweli, watoto wavutane. Na mwishoni niwagawie kashata za karanga ndogondogo, nazitengeneza mwenyewe. Halafu kuna lafudhi yangu. Leicester hapa si tatizo sana mtaani. Kuna bibi wa Kihindi muuza mboga Belgrave Road anayenisalimia kwa Kiswahili cha Kampala cha kabla ya 1972, ukimsikia utacheka. Ila darasani? Kwa Kiingereza changu meli na kondoo ni neno moja, na mwanangu hunisahihisha mbele za watu.

Nisaidieni. Usiku silali, na safari hii si kwa sababu ya zamu.

Dereva Mtaratibu

Dada yangu, mimi naendesha lori, mambo ya hadithi sina. Ila hizo KASHATA. Karanga ndani ya shule ya Uingereza? Mwanangu alirudishwa nyumbani na mkate wake wa siagi ya karanga bila kuguswa, na barua juu yake. Kuna watoto karanga inawafunga koo. Shule nyingi hawataki hata kuiona. Kula mwenyewe njiani, nawe unawe mikono kabla hujaingia. Sisemi utani.

Mama Wawili

Mwenzangu, hongera kwa kuitwa. Mimi mtu wa Mombasa, niko Coventry, mwaka wa 7 huu ni msaidizi wa mwalimu, na mara mbili nimewekwa upande wa pili na daftari kuwatazama wanaokuja kufanya intavyuu kama yako. Nikwambie kilichokuwa kwenye lile daftari.

Hakukuwa na mahali pa kuandika "anasoma vizuri". Kusoma wanajua unajua. Wanatazama macho yako yako wapi. Yupo mmoja alikuja na sauti nzuri, kama mtangazaji wa redio, akasoma kitabu kizima akikitazama kitabu. Nyuma yake mtoto mmoja alikuwa anavua kiatu cha mwenziwe, na wa tatu analia kimyakimya. Hakuona. Kazi hakupata.

Kwa hivyo kuhusu kitabu au mdomo: barua imesema kusoma, soma. Ukihadithia, hata kama ni tamu vipi, watasema hakufuata maelekezo. Mchukue mbuzi. Lakini umsome mpaka umjue kichwani, ili siku hiyo kitabu kiwe ni cha watoto kutazama, si cha wewe kutegemea. Kishike ubavuni, picha ziwaelekee wao, wewe unachungulia kwa pembeni. Jizoeze mbele ya kioo. Mkono utauma, mara ya kwanza utakuwa unakipindua juu chini.

Dakika 15 zako ni kama hivi. Mbili zinakwenda kwa majina na jalada. Andika majina yao kwenye vibandiko, au omba wapewe. Mtoto wa miaka 4 ukimwita "wewe mwenye sweta ya samawati" na wote wana sweta ya samawati, umekwisha. Kwenye jalada usiulize "huyu ni nani?", kwa sababu atajibu "mbuzi" na mazungumzo yamekufa. Uliza "mbona kanuna?" Hapo utapata majibu matano. Kusoma kwako kwa dakika 4 kutakuwa 8 ukisimama mara mbili tatu. Usisimame kila ukurasa, hadithi inakatika roho. Mahali pamoja waambie wageukiane wawili wawili wasemezane mbuzi atajificha wapi. Watano hawagawanyiki kwa wawili, kwa hivyo mmoja atabaki nawe. Mchague yule mkimya awe wako. Hilo wataliandika, nakuhakikishia.

Yule anayejibu kila swali kabla hujamaliza, mpe kazi ya kufungua kurasa. Asiyesema kitu usimlazimishe, mwambie anyooshe kidole kwenye picha. Atakayeondoka mkekani, usimkimbize. Endelea, mwangalie kwa jicho moja, mwachie nafasi yake wazi.

Kamba, hapana. Wewe unaona Tembo na Kiboko, naibu mkuu anaona shingo ya mtoto.

Na kabla hujaanza muulize mwalimu swali moja: kuna mtoto yeyote hapa ninayepaswa kujua jambo lake? Anayesikia kwa shida, ambaye Kiingereza ndiyo kwanza anaanza, anayeogopa kelele. Wengi hawaulizi.

Binti Chumbageni

Kashata zimefutwa. Kamba imefutwa. Asanteni, ingawa roho imeniuma kidogo kwa Tembo wangu.

Mama Wawili, hilo la mmoja kubaki nami nimeliandika kwenye karatasi nikabandika kwenye friji. Sasa dakika 5 za mwisho nifanye nini? Karatasi za kupaka rangi?

Mwalimu wa Zamani

Binti, nimefundisha darasa la kwanza miaka 31 huku Korogwe na Muheza, nimestaafu, na wajukuu ndio walionifungulia hiki kisimu. Watoto watano! Mimi watano ningewatuma kufuta ubao na kuchota maji, kisha ndiyo nianze kipindi na 80 waliobaki.

Mama wa Mombasa kasema kweli kwa karibu yote. Niongeze mawili.

Kwanza, usiende mikono mitupu kwa ajili ya hao wazungu ukaacha ulichonacho. Hujui watoto wale, hawakujui, na utahitaji kuwakusanya wakitawanyika. Wafundishe paukwa. Wewe "Paukwa!", wao "Pakawa!" Maneno mawili, sekunde 10, mtoto wa taifa lolote anaweza. Usiwape yale ya Chenjagaa na nyumba ya kaka, hayo marefu, hata sisi tulikuwa tunayamumunya. Paukwa na pakawa basi. Wakianza kupiga soga katikati ya kitabu, unaita paukwa kwa sauti ya chini, si ya juu. Sauti ya chini ndiyo inayowanyamazisha. Niliwatuliza 80 hivyo na mvua inapiga bati.

Pili, karatasi za rangi achana nazo. Penseli zitaanguka, mmoja atataka ya kijani iliyoko kwa mwenzake, dakika zako zitaishia kwenye usuluhishi. Una kanga? Itandaze katikati. Hiyo ndiyo bwawa la mbuzi. Kila mtoto anashika pindo, wanatikisa polepole, mawimbi. Weka mwanasesere wa mbuzi juu yake, au hata soksi iliyojazwa pamba. Wanamwogesha huku wakisema kile kibwagizo, ila sasa wanakigeuza: anaoga, anaoga. Utakuwa umewapima kama wameelewa hadithi bila kuwauliza swali hata moja.

Mezani wakikuuliza unaleta nini shuleni kwao, hapo ndipo umtoe Tembo na Kiboko. Dakika moja, usizidishe.

Binti Chumbageni

Shikamoo, Mwalimu. Nimesoma hii nikiwa kwenye basi nikaanza kutikisa mikono peke yangu. Abiria wa pembeni kahama kiti.

Mwalimu wa Zamani

Marahaba, mwanangu.

Zumari

Kuhusu lafudhi, mimi nafundisha hapa hapa Uingereza, darasa la wenye miaka 5 na 6. Lafudhi si kosa, shuleni kwetu kuna mwalimu wa Glasgow ambaye hata Waingereza hawamwelewi Jumatatu asubuhi. Kuna kitu kingine cha kujihadhari nacho, na sisi waswahili ndio hasa tunanaswa.

Huku watoto wanafundishwa kusoma kwa sauti za herufi, foniksi. Sisi tumekua na ma, me, mi, mo, mu. Konsonanti kwetu haitembei peke yake, lazima imshike mkono irabu. Kwa hiyo mtoto akiuliza herufi ya kwanza ya neno, ulimi wetu unasema "ma", "sa", "ta". Huku wanataka mmmm midomo ikiwa imefungwa, ssss kama nyoka, na t iishe kavu kabisa bila kufuatwa na "a". Ukimwambia mtoto "ka-a-ta" ili aunganishe neno la paka kwa Kiingereza, hatalipata kamwe, atabaki na neno lenye silabi tatu. Naibu mkuu atalisikia hilo mara moja, kwa sababu mwaka unaofuata, mwezi Juni, watoto haohao wanapimwa kwa maneno 40, na nusu ya maneno hayo hayana maana yoyote, yametungwa ili kuona kama mtoto anasoma sauti kweli au anakariri.

Usigeuze hadithi kuwa somo la herufi. Chagua sauti moja tu, ile ya kwanza ya jina la mbuzi, itaje safi mara moja, songa mbele.

Mama Wawili

Na mezani watakuuliza hili bila kukosa: mtoto akikwambia, "Nina siri, usimwambie mtu," utafanyaje? Usiseme utamwahidi. Huwezi kuahidi siri. Unamsikiliza, humhoji wala humtilii maneno mdomoni, unaandika alivyosema kwa maneno yake mwenyewe, na siku hiyohiyo unampelekea yule aliyeteuliwa shuleni kushughulikia ulinzi wa watoto. Si kesho. Idara ya Elimu ina mwongozo wake wa mambo haya, sehemu ya kwanza kila mfanyakazi wa shule anayeshughulika moja kwa moja na watoto hutakiwa kuisoma. Isome Jumapili, ni bure mtandaoni.

Binti Chumbageni

Jumanne, saa tatu usiku. Nimevua viatu ndiyo kwanza.

Nilifika mapema mno. Kwenye mapokezi nikamkuta mwenzangu anayeombea kazi hiyohiyo, ana sanduku la magurudumu, limejaa vikaragosi vya kuvalisha mkononi. Nikaitazama kanga yangu kwenye mfuko wa plastiki nikatamani kurudi nyumbani.

Nilimuuliza mwalimu lile swali, kuna mtoto ninayepaswa kujua jambo lake? Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akasema kuna mmoja hupenda kukaa chini ya meza, mwache tu.

Na kweli, kabla sijafungua jalada alikuwa ameshaingia. Wanne mkekani, mmoja chini ya meza. Nikamwachia nafasi yake kama mlivyosema. Hakutoka, tena mpaka mwisho. Lakini mbuzi alipogonga kwato mara ya pili, ile haogi, haogi, haogi ilitoka kule chini kwa sauti kuliko ya wote, na meza ikagongwa.

Paukwa iliingia mara moja. Mmoja alikuwa anasema "pakawa" hata nisipoita. Mwalimu wa Zamani, ile ya sauti ya chini niliitumia mara mbili, nikamwona naibu mkuu anaandika. Herufi niliisema midomo imefungwa kama niliyekasirika, Zumari, natumaini ilitosha. Kwenye kugawana wawili wawili hesabu ikawa sawa, maana wa tano alikuwa mezani kwake, kwa hiyo ile karatasi ya friji haikufanya kazi. Nikaenda nikachutama karibu na meza nikamuuliza yeye mbuzi atajificha wapi. Akasema, "Hapa."

Sasa kanga. Asubuhi nilitoka gizani ili nisimwamshe mtoto, nikavuta ya juu kabatini. Kuitandaza tu, nasoma jina: HASIDI HANA SABABU. Ile niliyomnunulia wifi yangu nikaghairi kumpa. Nikajisemea hakuna anayejua Kiswahili humu. Msichana mmoja akaweka kidole kwenye maandishi. Panasemaje hapa? Naibu mkuu kainua kichwa, na yeye anataka kujua. Nilitokwa na jasho. Nikasema: panasema kuna watu hununa bila sababu. Yule msichana akafikiri. Akasema, "Kama mbuzi."

Muda uliisha kurasa mbili kabla ya mwisho, maana bwawa nililianzisha katikati ya hadithi, mbuzi alipofika mtoni, sikuweza kusubiri. Nikafunga kitabu. Wakalalamika. Mwalimu akasema atawamalizia baada ya chakula cha mchana, nikamwachia.

Mezani siri ilikuja kama ulivyosema, Mama Wawili, karibu neno kwa neno. Wakauliza pia kazi ya wazee imenifundisha nini. Hilo sikujiandaa, nikasema tu kwamba nimezoea kumngoja mtu amalize sentensi yake. Tembo na Kiboko niliwatoa, ila nilizidisha dakika, Mwalimu, nisamehe. Naibu mkuu aliuliza nani alishinda.

Simu imekuja saa kumi na moja jioni. Nimepata. Ni ya muda, mpaka Julai, na malipo ni ya majuma ya masomo tu, likizo hazihesabiwi, nitapiga mahesabu kesho nikiwa na akili. Yule wa vikaragosi sijui kaambiwaje. Alikuwa mtu mzuri, alinishikia mlango.

Swali la mwisho na sitawasumbua tena. Nina ile hati ya DBS ya kuchunguzwa rekodi ya polisi, niliyofanyiwa kwa ajili ya nyumba ya wazee. Inafaa shuleni, au wanaanza upya?

Mama Wawili

Wallahi nimepiga vigelegele jikoni mpaka mume wangu kaja mbio.

Wanaanza upya. Yako ni ya kufanya kazi na watu wazima, ya watoto ni nyingine, na ina orodha yake ya waliozuiwa kufanya kazi na watoto. Watakuomba pasipoti na barua zenye anwani yako. Kwa kuwa umeishi Tanzania ukiwa mtu mzima, wanaweza pia kutaka cheti cha polisi cha tabia njema kutoka huko, kwa hivyo mtu wako wa Tanga aanze kuuliza mapema.

Na kile kitabu si ulisema cha maktaba?

Binti Chumbageni

Yallah. Kinatakiwa kurudi Ijumaa.